Redio ya Kuvaa

"Hii inaingiza mwanga hapa kwa pua," Mildred alisema, akaivua. "Nipe ingine."

Idil aliirudisha miwani ya VR, ile ya kuonyesha dunia ya bandia, ndani ya sanduku, akachukua nyingine rafuni. Duka lake lilikuwa katikati ya mji wa Eldoret, na wateja wake wengi walikuwa wanafunzi wa chuo kutoka Chepkoilel. Akina mama wa umri wa Mildred hawakuja sana, na wakija walitaka chaja.

"Mama, unataka ya kazi ama ya kucheza? Ya kazi ni nyepesi, na iko wazi kando ndio uone meza yako na watu. Ya kucheza inafunika kila kitu."

"Inayofunika. Mpaka masikio."

"Basi jaribu hii."

Mildred aliivaa, akajikuta juu ya jumba refu, amesimama kwenye ubao mwembamba. Chini kabisa, magari yalikuwa madogo kama punje za mahindi. Ubao ukavunjika. Alipiga yowe, akaishika meza ya Idil kwa mikono miwili.

Idil alicheka. "Usijali, Mama. Kila mtu hufanya hivyo. Hata wale wanajua inakuja."

"Kila mtu?"

"Sijaona ambaye hakushtuka."

"Basi hiyo ndiyo nataka." Mildred alijipangusa jasho. "Ni ya mzee wangu. Amechoka kukaa tu nyumbani."

Maneno hayo yalimgusa Idil. Alimwongezea kitambaa cha kupangusia vioo bila malipo, akamwonyesha jinsi ya kutazama kwenye simu kile ambacho aliyevaa anakiona.

Kule mtaa wa Pioneer, Kipyego, mume wa Mildred, alikuwa kwenye kiti chake sebuleni, uso ameuelekeza ukutani. Alikuwa ameendesha malori maisha yake yote, mpaka macho yakaingia ukungu, kisha giza. Kabla ya mvua kuanza alifanyiwa operesheni. Aliingia kwa daktari peke yake, akatoka akipapasa ukuta, akamwambia mkewe haikusaidia. Hakutaka kuongea tena juu ya jambo hilo.

Tangu siku hiyo Mildred aliacha kujificha. Nyama alikula yeye, mumewe akampa mchuzi. Alimwambia maneno matamu huku amemkunjia uso. Na Murunga, aliyekuwa tanboi wa Kipyego, msaidizi wake kwenye lori, na rafiki yake wa miaka mingi, alikuwa akiingia kwa mlango wa jikoni na soksi tu miguuni, anakula mezani kimya kimya, karibu na mwenye nyumba kiasi cha kusikia pumzi yake.

"Murunga siku hizi haji hata kunisalimia," Kipyego alilalamika mara kwa mara.

"Si alihamia Kitale, Baba Sharon. Watu husahau."

Kilichomtia Mildred hofu ni beseni. Alikuwa ameliacha koridoni, limejaa nguo. Kipyego alikuja akipapasa, akainua mguu, akalivuka bila kuligusa. Pengine ilikuwa bahati. Lakini Mildred hakupata usingizi tena mpaka alipokwenda kwa Idil.

"Baba Sharon, nimekuletea redio mpya. Hii inavaliwa."

"Inavaliwa? Kweli dunia imesonga." Kipyego alitabasamu, akainamisha kichwa kama mtoto anayevalishwa kofia. Mildred alikaza mikanda. Murunga alikuwa ameshakaa kwenye kochi la pili, mikono magotini, anangoja.

Kwenye simu, ubao ulionekana. Magari. Ubao ukavunjika, barabara ikapanda mbio kuja usoni. Mikono ya Kipyego ilitulia mapajani. Hata kidole hakikucheza.

Mildred akairudia. Kisha akaweka mbwa wanaoruka shingoni. Kisha nyoka.

"Hii redio iko na upepo mwingi!" Kipyego alisema kwa sauti ya mtu aliyezibwa masikio. "Hakuna nyimbo?"

Mildred alimtazama Murunga. Walicheka wakiziba midomo, halafu wakacheka bila kuziba. Alikwenda kukaa kando yake, akamlazia kichwa begani, wasiwasi wote wa tangu lile beseni ukamtoka kwa pumzi moja.

"Kesho naleta nguo zangu," Murunga alisema. "Mimi nawe chumba cha mbele. Yeye tumweke stoo."

"Na Sharon akipiga simu?"

"Mzee atamwambia nini? Ameona nini?"

Walicheka tena. Walipotulia, Kipyego alikuwa anafungua mikanda mwenyewe. Aliivua miwani, akafumbua macho polepole, akajipangusa uso.

"Mama Sharon, nasikia hamu ya chai. Nipe thermos nimimine mwenyewe. Nimechoka kufanywa mgonjwa."

Mildred alikuwa na furaha mno kumkatalia chochote. Alimletea thermos, chai imetoka jikoni sasa hivi, na kikombe kimoja, akakiweka mezani. Kipyego aliinuka, thermos mkononi. Aligusa mgongo wa kiti, akagusa meza, akapita kikombe, akagusa mkono wa kochi. Murunga alirudisha miguu nyuma, akazuia pumzi.

Kipyego alisimama mbele yake. Akazungusha kifuniko, akakitoa, akaipindua thermos yote juu ya mapaja ya Murunga.

Yowe lilifika mpaka kwa watu wa boda boda barabarani.

"Pole, Murunga," Kipyego alisema, akimtazama machoni. "Sikukuona."