Blanketi Sandukuni

Miaka ishirini na miwili Bi Tausi alipika peke yake, akaungua mafuta mara ngapi sijui, na mumewe hakumletea hata tambara. Alipoolewa Rukaiya, mke wa pili, mwezi haujaisha, blanketi la kuzimia moto likatundikwa jikoni.

"Ni lenu nyote wawili," mume alisema.

Roho ilimuuma Bi Tausi. Zamu yake ya kupika ilipofika, alilitungua akalifungia sandukuni chumbani mwake, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga.

Kesho yake mafuta ya maandazi yalimlipukia Rukaiya, karai likawaka moto. "Dada, blanketi haliko msumarini!" aliita.

Bi Tausi alikimbilia sanduku. Fundo la kanga lenye ufunguo alikuwa amelikaza hasa. Alipiga magoti, akaling'ata kwa meno, moshi ukiingia chumbani na Rukaiya bado akimwita dada.