Trafiki Chura wa Ukutani

Kipindi cha vichekesho vya katuni kilidumu wiki sita tu, kikafungwa. Na kwa kuwa sheria inataka kila katuni iliyoachwa itunzwe na yule aliyeitia sauti, Trafiki Chura alihamia ukutani kwa Bi Mwanakheri, sebuleni, juu ya kabati la vyombo. Sharti lilikuwa moja: katuni ikikaa siku kumi bila kumchekesha mtu, inafutika.

Basi kila Ijumaa, baada ya chai, Chura alikohoa, akaweka kofia yake sawa, akasimulia alivyomkamata kobe kwa mwendo kasi.

"Mama, hii nimeshakusimulia?" aliuliza kila mara, kwa wasiwasi.

"Bado, mwanangu. Endelea."

Na Bi Mwanakheri alicheka mpaka akashika mbavu. Mwaka wa kumi na moja huu, kobe yuleyule, na kicheko chenyewe zaidi ya nusu kilikuwa cha kweli.

Ijumaa hii mvua ilinyesha, mazungumzo yakanoga. Bi Mwanakheri akaanza kumsimulia jinsi marehemu mumewe alivyokuja kuposa amevaa viatu viwili, vyote vya mguu wa kushoto. Chura alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Ila alicheka mapema, hadithi ikiwa bado haijafika kwenye viatu.

Bi Mwanakheri akaweka kikombe chini.

"Chura, kwani hii nimeshakusimulia?"

Chura akaiokota kofia, akaipangusa polepole.

"Bado, mama. Endelea."