Gari Jekundu Kwenye Skrini

Jumanne, tarehe kumi na moja mwezi wa nne. Alfajiri radi ilipiga mahali karibu hadi madirisha yakatetemeka. Kisha mvua ikakatika ghafla, na kufikia saa tatu jua lilikuwa kali kana kwamba halikuhusika.

Kitinda mimba aliwahi ofisini kama kawaida yake. Alisimama mlangoni kidogo, hakuvua hata koti la mvua, akatoa simu.

"Kaka, jiandae. Leo tunakwenda kununua ile skrini yako."

"Leo? Mwezi mzima umekuwa ukiniambia nisubiri."

"Subira imevuta heri. Nakupitia nyumbani."

Kaka yake walizoea kumwita Jicho. Jina hilo alipewa na baba yao, kwa sababu alikuwa akiitupia ramani ya nyumba jicho moja tu, akakuonyesha mstari uliopinda kwa unene wa unywele. Baba alipofariki, Jicho ndiye aliyekalia kiti chake, na hakuna ramani iliyotoka ofisini bila sahihi yake.

Lakini mwaka huu aibu zilifuatana. Ngazi moja iliishia ukutani. Mlango wa bafu ulifunguka ukagonga nguzo, mafundi wakabomoa huku wakicheka. Jicho alisema kosa ni la skrini, ndogo, ya kizamani, inavuruga mistari. Hata jioni, akicheza mchezo wa mbio za magari na bintiye, alikuwa akigonga kuta tu. Skrini hiyo hiyo, alisema.

"Asiyejua kucheza husingizia uwanja," dada yake, yule kitinda mimba, alimjibu.

Ndipo wakakubaliana. Inunuliwe skrini kubwa, ya kazi mchana na michezo jioni, achague Jicho mwenyewe. Baada ya hapo, kosa moja tu, na kiti cha baba kihamie kwa kitinda mimba.

Mashahidi aliwatafuta dada. Shangazi yao, aliyewalea, na fundi mkuu, aliyeapa kutochimba msingi mwingine mpaka ajue anamwamini nani.

Mlangoni mwa duka, shangazi aliwasimamisha akafumba macho. "Ee Mungu, tuonyeshe lililo wazi na lililofichika. Usituache tupotee."

"Amina," alisema Jicho, akaingia ameweka mkono begani mwa dada yake, kama mtu anayempenda mdogo wake.

Muuzaji aliwapokea akijipepea kwa kipande cha boksi. "Karibuni sana. Samahani, leo—"

"Samahani ya nini? Tuna haraka," dada akamkata. "Tuonyeshe zile kubwa. Mwache kaka achague, usimfundishe kazi."

Skrini mbili kubwa zilikuwa mezani, zimeelekezwa mlangoni. Muuzaji alizielezea kama mtu anayesoma somo kanisani. Zote inchi thelathini na mbili. Zote picha hujichora upya mara mia na arobaini na nne kila sekunde. Ya kushoto uso wake hauna mng'ao, ya kulia unang'aa.

Jicho alivuta kiti, akakaa, akainamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Hii ya kushoto rangi zimepauka," alisema hatimaye, "kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Lakini ya kulia, jamani! Tazameni gari jekundu lile. Limepita bila kuacha hata mkia. Ile ya ofisini ingelitapakaza kama rojo."

Muuzaji aligeuka akatazama barabarani. Kisha akaitazama skrini. Kisha akamtazama dada, naye dada akamkonyeza.

"Fundi, wewe unaonaje?" aliuliza dada.

Fundi mkuu alikuna kidevu. "Mimi macho yangu ni ya saruji, mama. Siyawezi mambo haya." Akatazama viatu vyake.

Shangazi alifungua mdomo. Dada alimshika mkono, akaubana. Mama yule akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. Dukani mlikuwa na joto kweli.

"Shangazi, usilie," Jicho alisema akicheka. "Mambo yamekwisha. Leo binti yangu atanikoma, nitampita kwenye kila kona!"

"Kwa hiyo unaona vizuri?" dada akauliza, taratibu.

"Kama mchana."

"Basi sema mbele ya hawa. Nisije kesho nikaambiwa nimekuonea."

Jicho aliinuka. Alishika ukingo wa meza, akanyoosha mgongo kama alivyofanya siku ya mazishi ya baba, alipokabidhiwa funguo za ofisi.

"Naapa mbele ya shangazi aliyenilea, na mbele ya fundi. Ninachokiona kwenye skrini hii ndicho kilichomo. Kama nimekosea, kiti cha baba ni cha mdogo wangu, leo hii, na sitadai hata rula."

"Mmesikia?" dada aliuliza.

"Tumesikia," alisema fundi, kwa sauti ya chini.

Jicho alinyoosha mkono ampe muuzaji, mkono ukapita kando ya bega lake. Muuzaji akaufuata, akaushika kwa mikono yake yote miwili. Alikuwa kijana mwenye huruma, na hakupenda kuuza kitu kwa njia isiyo safi.

"Na mimi naahidi, mzee wangu, mbele ya mashahidi wako hawa hawa," alisema. "Umeme ukirudi tu, nitaziwasha zote mbili uzione."