Mlango wa Wodi ya Wazazi

Asubuhi ya kupokea mgao wa msitu, Mwenyekiti Nyamizi aliamuru mlango wa wodi ya wazazi ung'olewe, upasuliwe kuni. Wageni lazima wale pilau, na msitu uliouzunguka mji ulikuwa wa serikali. Kuokota hata kijiti ni kosa. Tena mlango wenyewe ulikwishaliwa na mchwa, na fungu la mji katika mauzo ya magogo lingenunua mwingine kabla ya jua kuzama.

Pilau ilinoga. Afisa Lutego wa idara ya misitu alikula sahani mbili, kisha akamkabidhi Nyamizi hundi ya ubao, pana kama kitanda. Mji mzima ukapiga makofi kwa taadhima kuu. Picha zikapigwa.

"Sasa nirudishie, mama," afisa alisema. "Kesho tunaikabidhi kwa mji unaofuata."

"Na fedha zetu?"

"Ziko kwenye mchakato."

"Basi tuachie hata huu ubao, baba. Unatosha kuziba mlango."

"Huo ni mali ya umma."

"Kwani sisi ni nani?"

Afisa alicheka kwa adabu, akaipakia hundi kwenye gari.

Wodini, mama mmoja akaanza kulia kwa uchungu. Umati mzima uligeuza shingo.

"Mwenyekiti, tuzibie!" muuguzi alipaza sauti.

Nyamizi akasimama mlangoni, akaitandaza khanga yake kwa mikono miwili. Barabarani lori la magogo lilipita, na upepo wake ukaipeperusha khanga.