Nyumba Isiyo na Paa

Mji ule wa kale uliteremka kutoka mlimani hadi baharini, mawe yake meupe yaking'aa, na Bi Maimuna alikuwa ameusifu tangu asubuhi mpaka sauti ikamkauka. Lakini walipofika kwenye nyumba ya tajiri wa zeituni, iliyobaki kuta na kizingiti, watalii wote waliingia, yeye akasimama nje.

"Hodi," akaita.

Kiongozi wao akageuka. Salha, binti wa Bi Maimuna, aliona haya.

"Mama, ingia tu. Wenyewe walikufa zamani."

"Kufa wamekufa, lakini nyumba hawajauza. Hodi."

Upepo ukapita. Salha alimjua mama yake: asipoitikiwa mara ya tatu hugeuka akaenda zake, na safari yote hii walikuja kuiona sakafu ya humu.

"Hodi jamani."

Salha akasogea hadi katikati ya ukumbi, mbele ya wageni wale wote.

"Karibu, mama. Karibu ndani."

Bi Maimuna akavua viatu, akaingia. Chini ya nyayo zake samaki wa vijiwe vya rangi walikuwa wangali wanaogelea. Alipoinua macho, kiongozi alikuwa amerudi nje ya kizingiti, ameinama, anafungua kamba za viatu.