Kikohozi cha Mama Careen

Optatus alikatiza katikati ya Lupaso na ndoo ya maji kichwani, mwanamume mzima na ndevu zake, na wacheza bao wakasahau ilikuwa zamu ya nani.

"Limbwata hilo," akasema mmoja. "Mama Careen kamtilia kwenye kisamvu."

Mkewe, Getrude, aliyasikia hayo uani. Angecheka, lakini siku hizi kicheko kilimletea kikohozi, kikavu, kisichotoa hata kohozi la kuonyesha. Mate nayo yalishamkauka. Ugali ulishuka kwa kusukumwa na maji. Kwenye msiba wa mama mkwe hakutoa hata chozi, mawifi wakamwita mchawi. Alipokonda, wakabadilisha hukumu: ana ukimwi.

Optatus hakumkimbia. Tangu wanunuzi binafsi wa korosho waruhusiwe, alikuwa akiwafanyia kazi Newala msimu mzima, akirudi na miwani ya jua na maringo. Kikohozi kilipoanza, aliacha kazi. Akapika uji, akafua khanga, akamkanda mgongo. Ndugu zake walipomshauri aoe mwingine, aliwafukuza kwa mchi.

"Hata nikifa," Getrude alijiambia, "nimekufa na mume."

Ndanda alikwenda peke yake. Optatus alisema moyo wake hautaweza kuyasikia majibu. Hospitalini wakampiga picha ya kifua, wakampima damu, wakamchomekea kikaratasi kwenye kope. Kikatoka kikavu kama kilivyoingia.

"Mama, huna ukimwi," daktari akasema. "Ni mwili wako unaojishambulia wenyewe. Umezikausha tezi za machozi na mate, sasa umegeukia mapafu. Ugonjwa huu hauishi, ila dawa zitautuliza. Wala hauambukizi."

Getrude alishuka kwenye lori la Lupaso akikohoa na kucheka kwa pamoja. Alimkuta mumewe jikoni, khanga kiunoni, anasonga ugali.

"Baba Careen! Si ukimwi! Ni tezi, na mapafu. Sikuambukizwa na mtu!"

Mwiko ukamponyoka. Optatus akapiga magoti kwenye majivu, akainua mikono juu, akalia machozi ya watu wawili.

"Asante, Bikira Maria! Kumbe Rose wa Newala ni mzima!"