Kaburi la Mchezo

Msalaba wa tatu ulikataa kusimama. Eunike aliuchomeka kwenye tuta la udongo mbele ya ngazi, akaushindilia kwa kisigino, nao ukainama tena kuelekea mlangoni.

"Weka jiwe," alisema Mama Tyler kutoka barazani. "Unapendeza hivyo hivyo, lakini weka jiwe."

Mama Tyler alikuwa Mmarekani, na mumewe alikuwa daktari. Walikuwa wamepanga nyumba ile ya Shanty Town, mtaa wa wenye nazo, chini ya mijakaranda, tangu mwanzo wa mwaka. Jioni hiyo Wazungu wenzao wangeleta watoto kwenye sikukuu yao ya mizimu, na kupamba mlango ilikuwa kazi ya Eunike. Mashuka meupe yaning'inie kwenye nguzo za baraza. Pamba ivutwevutwe mpaka ifanane na utando wa buibui. Maboga, ambayo nyumbani kwake yangekuwa chakula cha watoto, yatobolewe macho na meno.

Na kaburi. Hilo ndilo lililomwia zito.

"Mama, kwetu hatuweki kaburi mlangoni," alikuwa amesema asubuhi.

"Ni mchezo tu, Eunike. Mchezo wa watoto."

Angesema nini? Alikwenda kuchukua jembe.

Ile misalaba Rogath, mume wake, angeipigilia vizuri zaidi. Lakini Rogath alikuwa mlimani. Tangu kampuni za watalii zianze kuchipuka mjini, alikuwa ameachana na kahawa isiyolipa, akawa mpagazi wa kuwabebea wapanda mlima mizigo. Safari hii alitarajiwa kushuka kesho.

Mama Tyler alipoondoka na gari kwenda mjini, Flavia, aliyefanya kazi nyumba ya jirani, alichungulia juu ya ua, akajishika mdomo.

"Yesu wangu! Amekufa nani hapo?"

"Hakuna aliyekufa. Sikukuu ya Wazungu hiyo."

"Eunike, unachuria. Utauita msiba."

"Nimeagizwa, dada. Nifanyeje?"

Flavia alitikisa kichwa, akaondoka na kikapu chake kwenda sokoni, kule ambako wanawake wa Uru, kijijini kwa Eunike, huuza ndizi. Eunike alimfahamu vizuri mdomo wake. Kabla jua halijaanza kuteremka, mji mzima ungekuwa umesikia kwamba kwa daktari Mzungu kuna msiba.

Kwa hiyo aliposikia sauti za watu uani, nyuma ya jiko, hakushangaa. Alikasirika. Alizunguka nyumba na shuka la mzimu likiwa bado begani.

Wa kwanza kuingia kwa geti dogo la nyuma alikuwa Dominika, wifi yake, kanga kiunoni. Walimfuata wanawake wawili wa jumuiya yao ya kanisa huko Uru. Wa mwisho alikuwa shemeji Wenseslaus, kaka mkubwa wa Rogath, amevaa koti lake la kanisani katikati ya wiki.

"Shikamoo, shemeji," alisema Eunike. "Poleni na safari, lakini mmejisumbua bure. Hakuna msiba hapa. Ni mchezo tu."

"Marahaba," alijibu Wenseslaus.

Wanawake wale waliketi kwenye majani, miguu wameinyoosha.

"Jamani, msikae hivyo! Mama akirudi atasema nimemjazia watu. Nitafukuzwa kazi mimi."

Hakuna aliyeinuka. Dominika alimjia, akamtoa shuka begani, kisha akaanza kumfungua aproni mgongoni, taratibu, kama mtu anayemvua mtoto nguo.

"Niache, wifi. Kazi haijaisha."

Dominika hakumwacha. Hakumtazama usoni pia.

Honi ililia mbele ya nyumba. Eunike alitaka kukimbia, akashindwa kujua akimbilie wapi. Mlango wa jiko ulifunguliwa, na Mama Tyler akatokeza na bakuli la pipi. Alipowaona wageni uso wake ulichanua.

"Karibuni! Ndugu zake Eunike? Mmekuja kuona kaburi letu?"

Hakusubiri jibu. Alipita kwa kila mmoja akiinamisha bakuli. "Chukueni, chukueni, msione haya." Wanawake walipokea kwa mikono miwili, wakasema asante. Wenseslaus naye alipokea. Aliitazama pipi ile nyekundu kiganjani, asijue aitie mfukoni au airudishe.

Mama Tyler aliporudi ndani, Eunike alishindwa kujizuia. Machozi yalikuwa yanamlenga kwa aibu.

"Mmeniumbua. Watu wazima mnatoka Uru mpaka hapa kwa umbea wa Flavia! Haya, nendeni huko mbele mkalione hilo kaburi lenyewe. Ni udongo mtupu. Mkishaliona mrudi nyumbani. Kesho Rogath akishuka nitamsimulia, atacheka mpaka aishiwe nguvu."

Mwanamke mmoja alijifunika uso kwa kanga.

"Flavia hatujamwona," alisema Wenseslaus. "Na huko mbele hatujafika."

Eunike aliwatazama mmoja mmoja. Kila aliyemtazama aliinamisha kichwa.

"Sasa mmefuata nini, shemeji?"

Wenseslaus alifumba kiganja juu ya ile pipi.

"Rogath hashuki kesho, shemeji," alisema. "Ameshushwa leo alfajiri."